Kabla apdeti itoke, mutujaribishe na sisi

Hii ni ile hotuba nilitoa hapa Lubumbashi siku ya posho, mbele ya bachezaji na bale banajaribu kutengeneza michezo. Bengi balikosa, bengine juu ya usafiri, bengine juu ya mvua, basi naiandika yote vile nilisema. Picha za kwenye ukuta nimeziacha.

Jambo yenu bote. Bayaya, baleki, na bamama benye mulisindikiza batoto yenu, nabaona pale nyuma, karibuni sana, hatutachelewesha mutu.

Balinipa swali moja tu: je, michezo ya mtandaoni inapashwa kufungua seva ya majaribio kwa bantu bote mbele ya kutoa apdeti, njo kusema mabadiliko mapya ya muchezo? Jibu yangu ni ndiyo. Mungeweza kurudia nyumbani sasa hivi. Lakini munibakishie kidogo, juu ile ndiyo yangu iko na mukia, na ule mukia njo ulinileta hapa.

Kwa bale habajui: seva ya majaribio ni muchezo ule ule lakini pembeni. Kampuni inaweka pale vitu vya apdeti yenye inakuya, wewe unaingia, unacheza, unaripoti bugi (kasoro za muchezo), na kila kitu utapata pale kinabaki pale, hakikufuati kwenye konti yako ya kweli. World of Warcraft banaiita PTR, League of Legends banaiita PBE, Free Fire banaiita Advance Server, Mobile Legends na yeye iko na yake. Hapa ndani nani ameisha kuingia kwa moja ya hizo? Munyanyue mikono, musiogope. ... Naona mikono kidogo sana. Asanteni. Hiyo mikono kidogo njo sababu ya hotuba yangu.

Tuanze na ugonjwa.

Tarehe 13 mwezi wa tisa mwaka wa 2005, Blizzard, kampuni yenye kutengeneza World of Warcraft, ilifungua mule ndani sehemu mpya yenye kuitwa Zul'Gurub, bachezaji 20 banaingia pamoja kupigana na mungu mumoja wa damu, jina yake Hakkar. Huyo Hakkar alikuwa anabatupia ugonjwa, damu iliyochafuka, inakula uhai wako haraka haraka na inarukia kila mutu mwenye anasimama karibu yako. Plani ilikuwa wazi: ugonjwa unabaki mule ndani, ukitoka inaisha. Sasa kuko bachezaji benye kutembea na munyama wa kupigana naye. Munyama anaambukizwa, mwenyewe anamurudisha, anaenda zake kwenye muji mukubwa, anamuita tena, na kumbe ugonjwa uko pale pale, haukupona ata kidogo. Bale bauzishaji ba kwenye maduka, benye banaendeshwa na kompyuta, bao habakufe, lakini balikuwa banaubeba na kuutapanya. Mutoto wa levo ya chini anapita sokoni kununua kisu, anaanguka. Anafufuka, anaanguka tena. Ironforge, Orgrimmar, barabara zikajaa mifupa.

Kampuni ikajaribu karantini, bantu bakakimbia nayo. Mwisho balilazimika kuanzisha seva upya na kurekebisha muchezo wenyewe. Na musifikiri ni masimulizi ya bavijana tu: mwaka wa 2007 batafiti babili, Eric Lofgren na Nina Fefferman, baliandika juu yake ndani ya The Lancet Infectious Diseases, gazeti ya baganga, juu baliona bantu mule ndani balifanya vile bantu banafanya kweli. Bengine bakakimbilia porini. Bengine benye kuponyesha bakakuya kusaidia bagonjwa. Na bengine, munajua kila mutaa iko na ba namna hiyo, bakaenda makusudi kuambukiza benzao. Sisi Bakongomani, benye Ebola ilijulikana kwetu Yambuku mwaka wa 1976, ile hadisi tunaisikia na masikio ingine kabisa.

Swali yangu: ni fundi gani, amekaa ofisini na benzake kumi ao makumi mbili, angefikiria munyama? Angefikiria muuzishaji wa sokoni? Yeye alijenga mulango, anaingia kwa mulango. Bachezaji ni bantu maelfu, na kati ya bantu maelfu kuko mwenye anaingia kwa dirisha, kuko mwenye anapanda juu ya nyumba, kuko na mwenye anakuya na munyama. Sisemi seva ya majaribio ingekamata ile bugi kwa lazima. Nasema kama kuko nafasi ya kuikamata, iko kwa bantu bengi benye tabia mbalimbali, haiko kwa fundi mumoja mwenye akili nyingi.

Sawa? Munanifuata? Basi sasa mukia.

Miaka mbili kisha, tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili 2007. Muchezo unaitwa EVE Online, wa mashua za angani, banautengeneza Iceland, kampuni CCP. Hao beko na seva ya majaribio, iko na jina yake kabisa, Singularity, na bachezaji bao banaizoea. Bakatoa apdeti kubwa yenye kuitwa Trinity. Siku ile ile bantu bengine bakaizima kompyuta, bakaiwasha, kompyuta ikakataa kuamka. Haikuwa muchezo ulikataa, nasema kompyuta! Juu ya nini? Windows XP ilikuwa na fishie moja ndogo, boot.ini, pale mwanzo kabisa wa diski C, njo yenye kuambia mashini ianzie wapi. Muchezo nao ulikuwa na fishie yake ya jina ile ile, boot.ini. Programu ya kuweka apdeti ikatumwa kufuta fishie ya muchezo, ikaenda kufuta ya Windows.

Muwaze kidogo. Umelipa mwezi wako wa kucheza, umengojea apdeti, na kesho asubui kazi ya ofisi, kazi ya masomo, byote biko ndani ya mashini yenye kukutolea maandishi meupe kwenye ukuta mweusi.

Na seva ya majaribio ilikuwako. Iliwekwa, bantu baliingia, balicheza. Kuwa na seva haitoshi, bandugu. Haitoshi. Inategemea unajaribisha nini, na unajaribisha kwa mashini ya nani. Vita vya angani vinaweza kujaribiwa miezi na miezi, na ile programu ndogo yenye kubeba apdeti paka kwa mutu nyumbani ikapita bila kuangaliwa muzuri.

Nitawapa mufano ingine, na hii hapa Lubumbashi kila mutu anaijua, juu kwetu PES, muchezo wa mupira wa Konami, ilikuwa dini. Nani hakukaa kwenye benchi ya sale ya jeu, kwenye komini zetu za Katuba ao Kenya, manette moja imefungwa na skochi, unangojea mwenye kushindwa atoke? Basi mwaka wa 2021 Konami ikasema PES inabadilisha jina, inakuwa eFootball, ya bule. Mwezi wa sita ule mwaka balifungua jaribio kwa bantu bote, kwa bale ba PlayStation na Xbox. Jaribio ya nini? Ya konekisio. Balitaka kuona bachezaji banakutana namna gani kwenye seva, na picha ilikuwa bado haijamalizika, na wenyewe balisema vile. Sawa, hakuna ubaya. Lakini tarehe 30 mwezi wa tisa muchezo ukatoka. Baleki, mulikuwako? Zile sura mulizikumbuka? Messi na macho ya mutu ameona muzimu. Bachezaji banapishana kama hakuna mifupa. Kwa Steam, duka ya michezo ya kompyuta, ule muchezo ukaangukia pale chini kabisa kwenye maoni ya bantu, hakukuwa mwingine wa kuuzidi kwa ubaya siku zile. Konami ikaomba musamaha, na toleo 1.0 lenyewe, lile bangepashwa kutoa tangu mwanzo, likatoka mwezi wa ine 2022. Zaidi ya miezi sita!

Kwa hiyo balijaribisha? Ndiyo, balijaribisha. Balijaribisha konekisio, na bantu balikasirikia mupira.

Sasa kuko kitu ingine, na hapa nataka bale banatengeneza michezo bafungue masikio, juu mimi naona njo penye kuuma zaidi. Unaweza kujaribisha kitu ile ile yenye inapashwa, bantu bakakuambia ukweli, na wewe ukafunga masikio.

RuneScape. Bengi hapa hamuijui, muchezo wa zamani, wa kwenye navigateri, Baingereza njo baliutengeneza. Mwaka wa 2012 balitaka kubadilisha namna yote ya kupigana. Balifungua beta, njo toleo ya kujaribu, bantu baliingia, bantu balisema: hapana, hii haiko muchezo wetu tena. Habakusema mara moja, balisema na kusema na kusema. Mwezi wa kumi na moja ikatoka. Bachezaji bakaondoka, bengi. Na munajua nini ilifuata? Mwezi wa pili 2013 kampuni ilirudi kwenye kopi ya muchezo ya mwaka wa 2007, yenye ilibaki imefichwa kwao, ikauliza bachezaji kama bafungue hii ya zamani. Kura zaidi ya laki ine! Bakaifungua, banaiita Old School RuneScape, na bakaweka sheria: kitu kipya hakiingii paka bachezaji bapige kura, na bale benye kukubali bafike asilimia 75. Leo ni asilimia 70, lakini kura iko. Na ile ya zamani njo imekuwa kubwa kuliko dada yake mupya.

Mimi ule mufano naupenda sana. Sisemi kila muchezo upigishe kura, hapana, kuna vitu vya fundi na bantu bengi bakipewa nafasi batapigia kura upanga wao tu. Lakini angalia: beta bila masikio ilibafukuzia bantu, masikio bila ata teknolojia mupya ikabarudisha.

Diablo IV, muchezo ingine wa Blizzard, walau balielewa upesi. Mwezi wa saba 2023 balitoa apdeti yenye ilipunguzia karibu kila mutu nguvu, hakuna mwenye aliijaribu inje ya kampuni, bachezaji bakawaka moto, na bakubwa ba kule bakakuya mbele ya kamera kusema habatafanya tena apdeti ya namna ile. Mwezi wa ine 2024 bakafungua PTR yao ya kwanza, juma moja tu, bantu bakasema, vitu vikabadilishwa, na msimu ukatoka katikati ya mwezi wa tano na bantu balifurahi. Juma moja! Haikuwa mwaka.

Najua kuko benye batasema: lakini ukifungua seva ya majaribio unaharibu utamu. Ni kweli. Bantu banaingia, banapekua mafishie, kesho hadisi yote iko kwa YouTube. Final Fantasy XIV haina seva ya majaribio ya bantu bote, na ule muchezo uko na afia muzuri. Na kwa World of Warcraft yenyewe, boss wa mwisho, njo adui mukubwa kuliko bote, kwa kawaida banamuficha, habamuweki kwenye PTR, juu ya bale banashindana nani atamuua wa kwanza. Basi hii haiko shida kubwa: hadisi muifiche, boss mumufiche. Lakini uzito wa muchezo kwenye telefone, namna inakula betri, namna inashika konekisio mubaya, kuko siri gani pale? Hakuna. Hiyo mufungue.

Na hapo njo nafika kwetu. Nauliza tena: bantu bote, ni bantu gani?

PTR ya Blizzard iko kwa kompyuta, na mara nyingi unapashwa kutelesharje (kupakua) muchezo mara ya pili, magiga na magiga. Nani hapa ataambia mama yake kama franka za mega za mwezi zimeisha kwa kutelesharje muchezo wenye tayari uko nao? Mama atakuuliza: si ile ilikuwa unga ya bukari? PBE ya League of Legends iko Amerika ya Kaskazini. Toka hapa paka katikati ya Marekani ni karibu kilometa 13,000, na mwanga ndani ya fibre unakimbia kilometa 200,000 hivi kwa sekonde, sasa muhesabu kwenda na kurudia: milisekonde 130, ata kama waya ingenyooka kama rula, na hainyooki. Mbele ya kulaumu bale banatuuzishia konekisio, ujue fizike yenyewe imeisha kukukata. Free Fire walau inakuya kwetu, ile Advance Server yake ni ya Android, unajiandikisha, banakupa kodi, njo maandishi ya siri ya kuingilia, ukiripoti bugi banakupa almasi za ndani ya muchezo. Hii ni muzuri, nabapigia makofi. Lakini nafasi ni za kuhesabu na zinafungwa haraka. (Na kwa baleki: ile kodi inatoka bule. Ukikuta mutu anaiuzisha kwa WhatsApp, ao anakutumia APK (fishie ya kuweka muchezo) ya kwake, ukimbie.)

Nitabasimulia kitu kimoja chenye niliona kwa macho, na jina ya muchezo nitaiacha. Kulikuwa turnwa (mashindano), Katuba, bavijana bamejipanga muzuri, meza, viti vya kuazima, mutu wa mikrofone. Usiku wa mbele apdeti ikatoka. Asubui nusu ya bachezaji banafika, telefone inabaambia: toleo yako ni ya zamani, huingii. Na bale bengine beko na mupya, basi habawezi kukutana kwenye chumba kimoja. Bakaanza kugawa kwa Xender, telefone kwa telefone, bamekaa kwenye kivuli cha ukuta. Leki moja, wa miaka kumi na tano hivi, telefone yake imejaa. Nikamuangalia anafuta. Anafungua picha, anaangalia, anafuta. Anafuta video ya harusi ya dada yake, anabakisha picha moja. Apdeti ikaingia. Akafungua muchezo, na kitufe cha kurusha risasi kimesogezwa, kiko pale kidole chake cha gumba kilikuwa kinapumuzikia. Kila mara akipumuzisha kidole, bunduki inalia, adui bote banajua mwenye kujificha ni wapi. Na telefone inawaka moto, anaihamisha mukono huu, mukono ule, anaipulizia. Alitoka kwa raundi ya kwanza. Hakulia, alirudisha tu kiti.

Ile kitufe, ni nani aliijaribu? Mutu, ndiyo, kuko mutu aliijaribu. Kwa telefone kubwa, ya bei, kioo kirefu, chumba chenye klima. Haikujaribiwa kwa Itel ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) giga 2 yenye kioo kimepasuka kwenye kona. Na hapa kwetu, ile Itel njo bantu bote. Tecno ya zamani njo bantu bote. Konekisio yenye inashuka kwa 3G saa kumi na mbili ya mangaribi, wakati muji muzima unaingia, njo bantu bote.

Kwa hiyo ombi yangu kwa bale makampuni, kama mumoja wao anasoma, ni hii. Mufungue seva ya majaribio, ndiyo. Lakini mutafute telefone dhaifu kwa makusudi, museme wazi: tunataka bantu mia tano benye giga 2. Mutulipe kwa mega ao kwa almasi, juu kujaribu ni kazi. Mutume vipande vidogo, tusitelesharje muchezo muzima. Na musitoe apdeti kwa dunia nzima siku moja, Play Store inaruhusu kuitoa kwa asilimia kidogo kidogo, asilimia tano, ikienda muzuri makumi mbili, hiyo kitu ipo tayari. Na kisha jaribio iishe, mutuambie: muliripoti hiki, tulibadilisha hiki, hiki tulikataa juu ya sababu hii. Mara moja tu mutuambie, mutaona vile bantu batarudi.

Nabaki na bale benu banatengeneza. Musifikiri haya ni maneno ya makampuni makubwa tu. Google yenyewe imeisha kutufunga: kama ulifungua konti ya mutu binafsi ya Play Store kisha tarehe 13 mwezi wa kumi na moja 2023, hutatoa programu yako kwa bantu bote paka uijaribishe na bantu wasiopungua 12, siku 14 mufululizo. Mwanzo balisema 20, mwisho wa 2024 bakashusha. Bengi najua munalalamika juu ya ile sheria, bengine munanunua bajaribu kwenye Telegram, bantu ba mbali benye kufungua programu yako mara moja na kuisahau. Musifanye vile. Bantu 12 muko nabo hapa hapa, kwenye mutaa, na telefone zile zile zenye zitatumia muchezo wenu. Muwaachie nafasi ya kuvunja kitu. Musisimame nyuma yao kubafundisha penye kubonyeza, mukae kimya, muangalie kidole kinaenda wapi.

Na hii haiko maneno matupu, juu kuko bavijana babili, ba hapa, basimame munione, eh, hao. Beko na muchezo wa karata, mudogo, mega 40, hauna picha nyingi. Bamepata bajaribu saba, bamekosa batano. Kuko karatasi inapita kuanzia pale nyuma upande wa bamama, muandike adresi yenu ya Gmail yenye iko kwenye telefone, muandike muzuri isomeke, na pembeni muandike telefone ni ya aina gani na RAM ngapi. Bamama na nyinyi muandike, karata si munacheza? Benye iPhone mungojee siku ingine. Na wewe wa ile Itel ya kioo kimepasuka, usiondoke, bale babili banakutafuta wa kwanza.